Ndoo Mbili za Bwana Jeilani

Mkomani, Amu
Mfunguo Pili 8 (Mei 6, 2025)

Kwa Dawati la Wateja, Kampuni ya Maji Matamu

Assalaam alaykum.

Salamu hizi nimezitoa kwa kuwa dini yangu yaniagiza, si kwa kuwa mumezistahili.

Naitwa Jeilani bin Swafwan. Mita yenu iko kwenye daka langu, pale mlangoni wanapokaa wageni. Tangu mwezi wa nne uanze, ukuta wa chumba cha ndani unanyonya maji. Si ukuta wa kawaida. Una zidaka ishirini na moja, vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo, alivyovichonga babu wa babu yangu kwa kisu na subira. Chini ya ukuta huo ndipo kilipo kitanda cha mama yangu, Bi Saadiya. Umri wake haujui mtu ila Mola wake, na hataki kuhamishwa. Asema ameingia chumba kile akiwa bibi arusi na atatoka akiwa ameshikwa na wanaume wanne.

Nimewapigia simu mara nne. Mara nne nimejibiwa na sauti moja laini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto: "Tumepokea, Bwana. Tumeandika, Bwana." Jumamosi nikaambiwa fundi wenu amefika, nikamshukuru Mungu. Fundi hakuingia. Aliweka mlangoni ndoo mbili za plastiki, za buluu, zenye jina la kampuni, akamtaka binti yangu Razan atie sahihi, akenda zake.

Ukuta unaniangukia, nyinyi mwanipa ndoo nikinge! Sizirudishi. Nimezipanga juu ya daka ili kila apitaye aone mulichonifanyia. Nataka jibu, na nataka liwe na jina la mtu.

Jeilani bin Swafwan

*

Kampuni ya Maji Matamu
Dawati la Wateja
Mei 8, 2025

Kwa Bwana Jeilani bin Swafwan

Nakusalimu kwa heshima. Umeomba jina la mtu. Jina langu ni Gakii, mkuu wa dawati hili, na simu zako nilizipokea mimi.

Pole kwa usumbufu. Naelewa kwamba umekasirika, na ni haki yako. Hata hivyo, ningependa tuangalie pamoja kumbukumbu zetu. Katika dawati hili tunaandika maneno ya mteja kama alivyoyatamka. Aprili 9 ulisema: "Maji yangia ukutani. Ndoo utizame." Aprili 14: "Ndoo leo, tafadhali." Aprili 22: "Nimesema ndoo! Ndoo!" Aprili 29: "Ndoo wewe mwenyewe."

Kampuni haina desturi ya kugawa ndoo kwa wateja. Kwa kukujali, tuliomba kibali cha meneja tukakupatia mbili, moja zaidi ya ulivyotaja. Kuhusu unyevu, huu ni msimu wa mvua, na nyumba nyingi za mawe mjini zina hali hiyo kwa sasa. Tunashauri madirisha yafunguliwe mchana.

Ukiwa na ombi jingine, usisite kutuandikia.

Wako katika huduma,
Gakii

*

Lamu mjini
Mei 9, 2025

Bi Tima mpendwa,

Shikamoo. Simu yako bado imezimwa, nami bado nakucheka. Mtu aliyepokea simu za ofisi miaka ishirini na miwili ana haki ya kutotaka kusikia mlio mwingine. Lakini kunilazimisha mimi niandike kwa mkono, kisha nimtafute mtu wa boti ya Siyu anayekufahamu, hiyo ni adhabu ambayo sikuitenda dhambi yake.

Nina mteja, Bi Tima. Bwana Jeilani wa Mkomani. Nimefuata kila ulichonifundisha zile wiki mbili ulizonikabidhi kiti chako. Simwambii mtu mwenye hasira "tulia". Sijibu nikiwa nimesimama. Namwacha amalize, navuta pumzi tatu, naandika maneno yake vilevile bila kuyatia yangu, halafu namsomea. Kwa wengine wote imefanya kazi. Yule mama wa Wiyoni aliyeingia ofisini na jiwe mkononi aliondoka akiniombea dua, na jiwe akaliacha. Nalitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

Huyu ni kinyume. Kadiri ninavyotulia ndivyo anavyowaka. Alidai kitu, mara nne, hata kwa kelele. Tukampa. Sasa anatushutumu kwa kumpa! Sijampandishia sauti hata mara moja. Nikiweka simu chini natamani kutupa kikombe, lakini yeye hawezi kujua.

Meneja Abdulhalim amenisifu mbele ya watu. Mwisho wa mwezi anataka jina la Bwana Jeilani liingie kwenye orodha ya wateja wakorofi. Ukiingia humo maji yanakatwa, simu zako hazipokelewi na barua zako hazisomwi. Karatasi inahitaji sahihi yangu. Nawe unajua majaribio yangu ya kazi yanaisha Juni 30, na meneja ndiye atakayesema nibaki au niende. Naitaka kazi hii. Huko Meru walisema sitamaliza hata mwezi huku kwa watu wa bahari, na nimemaliza minne.

Sasa niambie, kwa nini kalamu inanigomea?

Wako,
Gakii

*

Siyu
Mei 14, 2025

Gakii mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya samaki, maana uliyempa aliitia mfukoni pamoja na chambo. Usimpe tena huyo.

Umeniandikia kurasa mbili za kujisifu na mstari mmoja wa habari. "Alidai kitu." Kitu gani? Mimi sikukufundisha kuandika "kitu". Ungenitajia neno lenyewe huenda ningekuwa na la kukwambia, lakini kutoka Siyu siwezi kupiga ramli.

Jeilani namjua. Ana ulimi mkali tangu ujana wake, na ana kiburi cha nyumba ile. Aliwahi kunifokea hadi kilemba kikamlegea, akakifunga upya akiendelea kufoka. Lakini miaka yote ishirini na miwili hakuwahi kuniomba cha bure, hata kalamu ya kutilia sahihi alikuja na yake. Ukiniambia leo amekuwa mdai vitu, nitakuuliza kama una hakika ni Jeilani yuyo huyo.

Sikiliza, na hili sikulitia kwenye zile wiki mbili. Mtu mwenye hasira ana analolisema na ana analoliogopa. La kwanza umeliandika vizuri, sina shaka, maana mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. La pili halipiti kwenye simu. Umefika kwake? Hujafika. Najua hujafika kwa sababu ungejisifia na hilo.

Nenda ukakae. Usende na karatasi. Ukipewa kahawa kunywa, ukipewa halua kula hata kama imekaa. Na sahihi yako usiitie popote kabla hujakaa.

Mama yako wa kazi,
Tima

*

Mkomani, Amu
Mfunguo Pili 19 (Mei 17, 2025)

Bi Gakii,

Nimetukanwa na watu wengi. Mabaharia wamenitukana, na ndugu zangu walinitukana siku ya kugawa urithi. Sijawahi kutukanwa kwa upole kama ulivyonitukana wewe.

Barua yako niliisomea barazani. Nilipofika pale uliponukuu maneno yangu, tarehe kwa tarehe, wenzangu walicheka mpaka Mzee Mselem akashika mbavu. Walisema msichana huyu ni hodari wa utani, ameupiga ulimi wetu chenga. Mimi sikucheka. Umelichukua neno langu nililokuita nalo, neno alilonifunza mama yangu kabla sijaota meno, ukalifanyia mzaha kwa karatasi yenye muhuri, kisha ukanitumia mzaha huo mlangoni, umbo na rangi, mara mbili. Kama ulimi wa Waamu wakuchekesha, ucheke kwenu. Usiucheke kwa mtu ambaye ukuta wake unaanguka.

Na nikwambie kilichonichoma zaidi. Si ndoo. Ni utulivu wako. Mtu akinijibu kwa ukali najua amenisikia. Wewe nilikupigia kelele kama mtu aliyemo kisimani, ukawa wanijibu "tumeandika, Bwana", kama unayeandika bei ya vitunguu.

Zidaka nne zimeanguka juzi baada ya Asri. Chokaa ilimwagika kwenye shuka ya mama. Alijikung'uta, akasema tumwachie chokaa hiyo, ni ya nyumba ya mume wake. Nimejifungia msalani nikalia, mtu mzima mimi, na sioni haya kukuandikia hilo kwa kuwa wewe ndiwe sababu.

Sitaki jibu lako tena.

Jeilani

*

Lamu mjini
Mei 21, 2025

Bi Tima,

Shikamoo. Kaa kitako kabla hujasoma.

Barua yake ya pili, niliyoitia humu uisome, ilinishinda. Anasema nimemfanyia mzaha, na mimi katika maisha yangu ya kazi sijafanya mzaha hata mmoja. Wenzangu wananilaumu kwa hilo. Niliisoma mara sita nikitafuta mzaha wangu uko wapi. Ikaja na barua yako: nenda ukakae. Jana saa tisa nikafunga dawati nikaenda Mkomani, mikono mitupu.

Bwana Jeilani hakuwapo, alikuwa amekwenda shambani kwake Kililana. Alinipokea binti yake Razan, mwalimu, mtu mpole kuliko nilivyostahili. Zile ndoo zetu za buluu zipo juu ya daka, moja huku na moja huku, kama walinzi. Razan akanipeleka chumba cha ndani. Bi Tima, ukuta umevimba. Zidaka zilizobaki zinatoa jasho. Na chini yake, kwenye kitanda cha kamba, amelala mama yake Bwana Jeilani, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, kajitanda leso, ananitazama.

Akanyosha mkono akaniambia, "Ndoo, mwanangu. Ndoo hapa."

Nami, mkuu wa dawati la wateja, nikageuka, nikatoka hadi dakani, nikachukua ndoo moja, nikamletea. Nikaiweka karibu na kitanda kwa heshima zote.

Bi Saadiya akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Akasema tena polepole, akijipigapiga ubavuni pale kitandani, "Ndoo wewe." Razan akaniambia, "Dada, anakuita. Kwetu 'njoo' ni 'ndoo'."

Nilikaa pale kitandani aliponionyesha. Njoo utazame. Njoo leo, tafadhali. Nimesema njoo, njoo. Njoo wewe mwenyewe. Mara nne mtu ameniita kwa adabu, mara ya tatu tu ndiyo alipopaza sauti, na mimi nimekaa mwendo wa robo saa kutoka kwake nikiandika. Nilisikia "nti" nikajua ni nchi, nikasikia "ndia" nikajua ni njia, nikajiona nimeshakuwa Mwamu. Hili moja nilidhani nalijua tayari, ndiyo maana sikuliuliza.

Nimerudi leo asubuhi na Hesbon, fundi wetu, yule yule aliyezileta ndoo. Amefukua dakani chini ya mita. Kiungo cha bomba kimepasuka, maji yetu yamekuwa yakiingia kwenye msingi wa nyumba siku zote hizi. Hesbon alikaa chini juu ya udongo, akasema siku ile alisimama hatua moja kutoka pale. Ameshaliziba.

Sasa ubaya wangu. Mbele ya Razan na bibi yake nilicheka nao, nikala halua, nikasema "tutashughulikia". Sikusema kwamba barua ile haikuwa mzaha ila ujinga. Nikaaga kwa aibu.

Meneja nimemweleza yote. Amenifungia mlango, akasema kwa sauti ya chini: andika kwamba laini ya simu ilikuwa mbovu Aprili yote, maneno hayakusikika. Laini ikiwa mbovu hakuna mwenye kosa, na kampuni hailazimiki kuujenga upya ukuta wa mtu. Akaongeza: ukiandika kwamba ulisikia vizuri na hukuelewa, mimi siwezi kukutetea Juni 30. Hajanitisha, Bi Tima. Alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Nifanyeje?

Gakii

*

Siyu
Mei 24, 2025

Gakii mwanangu,

Nimecheka mpaka binti yangu Asmaa akaja kutazama nina nini. Kisha nikakisoma tena kile kipande cha Jeilani kulia msalani, kicheko kikaniisha.

Sehemu ya kosa hili ni yangu. Nilikufundisha kuandika maneno ya watu. Kuuliza maana yake sikukufundisha, kwa sababu mimi sikuwahi kuhitaji. Kila aliyenifokea alinifokea kwa lugha ya nyumbani kwetu. Nilidhani ninachokijua ni utulivu, kumbe nusu yake ilikuwa ni kuzaliwa hapa.

Umeniuliza ufanyeje, na nilitaka kukujibu kwa maneno mazuri. Nitakujibu kwa jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wa 2009 nilisahau kumpa fundi ujumbe wa mjane mmoja wa Langoni. Kisima chake kikaingia maji machafu. Nikaandika: laini ilikuwa mbovu. Nikaendelea na kazi, nikasifiwa, nikapewa saa ya ukutani nilipostaafu. Yule mjane alinisalimia kwa heshima mpaka alipokufa, na kila aliponisalimia nilitamani anitukane.

Sasa amua mwenyewe. Mimi bado ni mama yako, uandike lolote.

Tima

*

Lamu mjini
Mei 26, 2025

Kwa Bwana Jeilani bin Swafwan

Ulisema hutaki jibu langu. Hili si jibu, ni ungamo, na nimelileta kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikukufanyia mzaha. Ningekuwa hodari wa kiasi hicho ningeshapata kazi nyingine. Mimi natoka Meru. Kiswahili nimekisoma shuleni, na huko ndoo ni chombo cha maji, basi. Uliponiita uniambie nije, mimi nilisikia unataka chombo. Laini ya simu ilikuwa nzuri. Nilikusikia kila neno, nikaliandika sawasawa, na sikuelewa hata moja. Wala sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nashughulika na kuwa mtulivu. Nilijivunia sana kwamba sauti yangu haipandi. Hukuwa unahitaji sauti yangu, ulihitaji miguu yangu.

Ile habari ya mvua na madirisha niliitoa kichwani bila kufika kwako. Ni maneno niliyozoea kuwaambia watu, nakuomba radhi kwayo kuliko kwa ndoo.

Kiungo cha bomba letu kilipasuka chini ya daka lako. Maji yaliyouharibu ukuta ni yetu, na siku arubaini na mbili zilizopita tangu uniite mara ya kwanza hadi kilipozibwa ni zangu. Nimeyaandika haya kwenye taarifa ya kampuni kwa maneno haya haya na kutia sahihi. Kwa taarifa hiyo, kampuni inawajibika kuleta mafundi wa chokaa na kuurudisha ukuta ulivyokuwa. Nakala yake umeambatanishiwa, usikubali mtu akwambie vingine.

Jina lako halimo kwenye orodha yoyote ya wateja wakorofi, wala halitakuwamo.

Sikuombi upunguze hasira. Nadhani mara hii naielewa.

Gakii

*

Mkomani, Amu
Mfunguo Tatu 2 (Mei 29, 2025)

Bi Gakii,

Nimeisoma. Hasira imezidi, kwa kuwa sasa sina hata wa kumchukia vizuri.

Mafundi waje. Nawe uje. Nina maneno ya siku arubaini na mbili niliyoyaweka, na siwezi kuyamaliza kwa barua. Nitakukasirikia uso kwa uso, baada ya Asri. Mama amesema upikiwe.

Jeilani

*

Mkomani, Amu
Mfunguo Tatu 28 (Juni 24, 2025)

Kwa Bwana Abdulhalim, Meneja, Kampuni ya Maji Matamu
Nakala: Wakurugenzi wote wa kampuni

Assalaam alaykum.

Nimesikia, na mji huu ni mdogo, kwamba Juni 30 munamwachisha kazi Bi Gakii kwa "kuiingiza kampuni hasarani". Bwana Abdulhalim, kwa ukuta wangu nilikasirika siku arubaini na mbili. Kwa hili ndiyo kwanza naanza.

Nikueleze alivyokuja. Alifika siku ile baada ya Asri, akakaa, nikamwambia yote. Nilimfokea mpaka majirani wakafunga madirisha. Hakusema "naelewa". Hakusema "tumeandika". Kila nilipotaja neno la kwetu alinisimamisha: "Hilo maana yake nini, Bwana Jeilani?" Unajua ilivyo taabu kumfokea mtu anayekusimamisha umweleze maana? Nilifika katikati nikajikuta nimekuwa mwalimu. Nikamaliza nimechoka, mama akatuambia chakula kinapoa.

Tangu siku ile hajakosa. Kila akitoka kazini hupita kuwatazama mafundi. Fundi Hamdu alipotaka kupaka saruji badala ya chokaa ili amalize upesi, alikuta msichana wa Meru amemsimamia kichwani akimuuliza nyumba hii ina saruji wapi. Zidaka kumi na saba zilizovimba zimesharekebishwa, nne zilizoanguka bado. Mama amehesabu kwa vidole vyake.

Nilikuwa mteja wenu mkorofi, na nilistahili jina hilo. Nimewafokea makarani wa ofisi zote za mji huu kwa miaka thelathini, na wote wamenijibu kwa upole, na wote walikuwa wakingoja niondoke. Mmoja tu ameniandikia kwamba kosa ni lake, akijua litamgharimu mkate wake. Huyo ndiye munayemfukuza. Basi mutabaki na wale wa laini mbovu.

Nauliza swali moja na nataka jibu lenye muhuri: je, kampuni yenu humfukuza mtu kwa kusema kweli? Nisipojibiwa kabla ya Ijumaa, nitakuja mwenyewe, na nitakuja na mama yangu, kitanda na yote.

Jeilani bin Swafwan

*

Kampuni ya Maji Matamu
Dawati la Wateja
Juni 26, 2025

Kwa Bwana Jeilani bin Swafwan

Wa alaykum salaam.

Malalamiko yako ya Juni 24 yamepokelewa. Kwa kuwa barua zote za hasira zinazofika kampuni hii hujibiwa na dawati langu, nimepewa niijibu na hii.

Nina haki ya kukueleza ilivyopokelewa. Wakurugenzi walimpigia meneja simu jana kabla hajanywa chai. Akatoka chumbani kwake na barua yako mkononi, akanifokea mbele ya watu wote: nimemtuma mteja, nimemvunjia heshima, nimemgeuzia mji mzima. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nikamwacha amalize. Safari hii sikuandika kitu. Nikamuuliza, "Bwana Abdulhalim, unaposema nimekugeuzia mji, maana yake ni nini?" Akavuta kiti. Akasema mama yake naye ni wa Mkomani, na tangu ukuta wako uvimbe hajaenda kumsalimu, kwa kuogopa kupita mbele ya daka lako. Tulizungumza mpaka adhana ya Adhuhuri. Hasira yake ilikuwa ya siku nyingi, kama yako, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Aliporudi kutoka msikitini aliniwekea barua yako mezani akasema, "Mjibu." Nikauliza nijibu vipi, kwa kuwa swali ni juu yangu mimi. Akasema, "Andika jibu la kampuni. Mimi nitatia muhuri." Kisha akaondoka bila kuniambia jibu lenyewe ni lipi.

Nimekaa na karatasi hii tangu hapo. Nimewajibu watu mia tatu na zaidi kwenye meza hii na sikuwahi kuogopa jibu. Hili niliogopa. Nimeliandika mara moja kwenye karatasi ya peke yake, niliyoitia humu, nikampelekea, akalisoma akiwa amesimama, akapiga muhuri.

Umeuliza kama kampuni yetu humfukuza mtu kwa kusema kweli. Jibu la kampuni, Bwana Jeilani, ni: la, haimfukuzi.

Gakii
Mkuu wa Dawati la Wateja